Tundu Kwanza, Ulimi Baadaye: Mhadhara Kuhusu Kuchonga Viungo vya Mbao

Ndugu mafundi, nanyi mnaoanza kujifunza, karibuni. Leo mezani tuna kiungo kimoja tu: ulimi na tundu, kile kinachoshika fremu ya mlango na miguu ya meza. Ulimi ni ncha ya ubao mmoja iliyopunguzwa, tundu ni shimo la ubao wa pili linaloupokea. Tutatumia drili, ruta (mashine ya kuchimba mbao kwa biti inayozunguka) na msumeno wa umeme, lakini kazi ya mashine ni kupunguza mbao. Kufika kwenye mstari ni kazi ya patasi.

Tuanze na uchoraji, maana viungo vingi huharibika hapa, kabla msumeno haujaguswa. Ubao huu una unene wa milimita 36. Ulimi tunaupa theluthi yake, yaani 12, ili kuta mbili za tundu nazo zibaki na 12 kila moja. Kama patasi uliyonayo ni ya milimita 13, chora 13. Upana wa tundu hufuata patasi. Halafu tia alama uso mmoja wa kila ubao, na geji, kile kifaa cha kuchora mstari sambamba na uso wa ubao, iegemee uso huo tu, kwenye tundu na kwenye ulimi. Ukiiegemeza leo huku, kesho kule, tofauti ndogo ya unene itatokea kama ngazi pale mbao zinapokutana.

Mstari wa bega, yaani pale ulimi unapoanzia kwenye ubao, uchorwe kwa kisu. Sogeeni muone: penseli imeacha alama pana kiasi cha nusu milimita, na hujui ukate upande gani wake. Kisu kimekata nyuzi zenyewe. Ukiingiza ncha ya patasi kwenye mkato huo na kuondoa kipande chembamba upande wa mabaki, unapata ngazi ndogo ambayo msumeno utaegemea bila kuhama.

Sasa tundu, na ni lazima litangulie. Ulimi unaweza kuuparuza hadi uingie. Tundu ukilipanua, huna patasi ya upana huo tena. Ubao wa tundu uachwe mrefu kwa milimita 25 hivi kupita kiungo, la sivyo kichwa chake kitapasuka. Kwa drili, tumia biti ya milimita 10 kwa tundu la 12, funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, toboa ncha mbili kwanza, kisha katikati. Msitoboe shimo la drili linaloingia ndani ya shimo jirani. Biti itatelezea kwenye uwazi na kuharibu ukuta. Acheni nafasi kidogo, patasi itamaliza. Kina kizidi urefu wa ulimi kwa milimita 2 au 3, gundi ipate pa kukaa.

Kwa ruta, shusheni biti milimita 3 hadi 5 kila mpito. Ukitaka kushuka kina chote mara moja, biti itaungua au kuyumba. Ncha za tundu zitabaki za mviringo: zinyoosheni kwa patasi, au viringisheni kona za ulimi kwa tupa. Njia zote mbili zinafaa.

Kwenye ulimi, bega hukatwa kwa msumeno wa umeme uliowekewa kina, na kina hicho kijaribiwe kwanza kwenye kipande cha mabaki chenye unene uleule. Nyaya zichomolewe kabla ya kubadili kina. Mashavu, yaani pande mbili bapa za ulimi, kama ni kwa mkono, inamisheni ubao kwenye jiliwa mkate kona, ili muone mistari miwili kwa pamoja. Geuzeni, kateni kona ya pili, kisha simamisheni ubao wima mmalizie. Acheni ulimi mnene kwa nusu milimita, halafu parueni kwa patasi bapa.

Kipimo cha kukaa vizuri ni hiki: ulimi uingie kwa kusukuma kwa mkono, au kwa kugonga kidogo na nyundo ya mti. Ukidondoka wenyewe, umelegea. Ukihitaji kupigwa kwa nguvu, acheni, kwani ukuta wa tundu utapasuka, hata kama ufa hauonekani leo. Ulimi uliolegea hautibiwi kwa unga wa mbao na gundi. Bandikeni kipande chembamba cha mti uleule kwenye shavu, nyuzi zake zielekee upande uleule wa nyuzi za ulimi, kikauke, kisha parueni upya.

Bega likiacha mwanya, msikimbilie kuliparuza. Chunguzeni kwanza pembe ya ndani, kati ya shavu na bega: mara nyingi kuna nyuzi chache zilizobaki hapo, nazo ndizo zinazozuia. Pengine ulimi umegonga chini ya tundu.

Pakeni gundi kwenye kuta za tundu na kidogo kwenye mashavu. Ikijaa chini, ulimi unaisukuma kama pistoni na mbao hupasuka. Bana kwa klampu, pima fremu kimshazari, kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara mbili, na vipimo hivyo viwili visipolingana sogeza klampu mara moja, gundi bado mbichi. Vile vichwa vya ziada vya milimita 25 vikatwe gundi ikishakauka.