Gamba la Ubongo Likiharibika, Panya Hujifunzaje kwa Macho?

Ndugu wasikilizaji, tuanze na kifaa cha kupimia uwezo wa panya wa kuona, kwa sababu asiyekielewa hataelewa matokeo. Ni cha Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyekieleza mwaka 1930. Panya huwekwa juu ya kijukwaa. Mbele yake, ng'ambo ya pengo, kuna kadi mbili zenye michoro tofauti, na chini umetandazwa wavu. Akirukia kadi sahihi, inaanguka naye anatua penye chakula. Akikosea, kadi imekazwa: anagonga pua na kuporomokea wavuni. Panya wa namna hii hutazama kwa makini kabla ya kuruka.

Kabla ya hapo Lashley alitumia sanduku lenye vijia viwili, kimoja chenye mwanga, kingine cha giza. Panya walifundishwa kufuata mwanga, kisha wakaondolewa gamba, yaani tabaka la nje la ubongo, la sehemu ya nyuma, kushoto na kulia. Wakasahau kabisa. Lakini walipofundishwa upya, walishika somo kwa majaribio yanayokaribiana na yale ya awali. Hata waliopasuliwa kabla ya kufundishwa chochote walijifunza sawa na wazima!

Naomba tulikazie hapo. Gamba lile lilibeba kumbukumbu, ila halikuwa la lazima katika kujifunza. Panya alijifunza kwa kutumia nini, basi? Nyuzi nyingi za neva ya jicho la panya hufika pia kwenye ubongo wa kati, ulio chini ya gamba, na njia hiyo ilikuwa haijaguswa. Njia hiyo inaweza kutofautisha mwanga na giza.

Maumbo ni habari nyingine. Pembetatu iliyosimama na iliyopinduliwa zinaweza kuwa na mwangaza uleule. Panya asiye na gamba la kuonea, yaani lile la nyuma ya ubongo, hushindwa kuzitenganisha, hata afundishwe vipi. Na bado, mwaka 1939 Lashley aliripoti kwamba panya aliyebakiwa na takriban sehemu 1 kati ya 50 ya gamba hilo aliweza kutambua maumbo. Kwangu mimi, hakuna tokeo lenye uzito kuliko hili katika kazi yake yote.

Ndiyo maana majaribio haya hayaishii kwenye kadi. Ubongo hukatwa vipande vyembamba, hutiwa rangi na kukaguliwa kwa hadubini, kwani kisehemu kidogo kilichoponea kisu kinatosha kugeuza hitimisho zima.