Jua Likiwa Mgongoni: Kupiga Bahari Jioni pale Mama Ngina

ZUHURA: Hebu tuanze na ile picha uliyonitumia juzi, kaka Kassim. Umesema umeenda kupiga machweo, mbona jua halimo?

KASSIM: (anacheka) Lilikuwa mgongoni kwangu. Wewe mzaliwa wa Mombasa, umewahi kuliona jua likizama baharini?

ZUHURA: Baharini linachomoza.

KASSIM: Basi. Pwani yetu inatazama mashariki. Watu wanaona picha za ng'ambo, jua jekundu limekaa juu ya maji, wanashuka Mama Ngina na kamera zao kulitafuta. Simama pale miambani, chini ya mibuyu, uelekee mlango wa bandari ya Kilindini. Jua linazama nyuma ya bega lako la kulia, huko bara. Na mimi ndivyo nipendavyo. Likishatua, tazama mashariki: mkanda wa samawati iliyofifia unapanda kutoka upeoni, na juu yake rangi ya waridi. Ule mkanda ni kivuli cha dunia yenyewe.

ZUHURA: Wallahi? Miaka yote hii nilidhani ni mawingu ya mbali.

KASSIM: Kivuli. Na hakingoji mtu. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, jua halitelemki kwa mshazari, linatumbukia. Una dakika 20 na kidogo, baada ya hapo huoni unapokanyaga.

ZUHURA: Hizo dakika 20 ndizo zilizonitoa jasho. Siku yangu ya kwanza nilifungua shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, sekunde 30, ikafunga vizuri. Kisha kamera ikanyamaza, kioo cheusi ti! Nikadhani imekufa. Nikatoa betri nikairudisha. Nikapiga tena, ikafa tena. Mara tatu hivyo, huku waridi lako linayeyuka.

KASSIM: Maskini! Haikufa. Kuna kazi ya kuondoa chembechembe: kamera inapiga picha ya pili shata ikiwa imefungwa, giza tupu, muda uleule, kisha inalinganisha na kufuta vidoa. Sekunde 30 inakuwa dakika nzima. Nyumbani sawa. Jioni pale miambani, izime hiyo kazi.

ZUHURA: Sasa hesabu. Watu wanaogopa filta, kile kioo cheusi cha kuvisha lenzi ili kupunguza mwanga.

KASSIM: Ni kuzidisha kwa mbili tu: kila stopu moja inakata mwanga nusu, kwa hiyo muda unazidi mara mbili. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 100, na apacha, tundu la lenzi, f/11. Dakika kama 10 baada ya jua kutua, tuseme kipimo cha mwanga cha kamera kinakupa nusu sekunde. Vaa filta nyeusi ya stopu 6, uhesabu kwa vidole: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Sekunde 32. Ile ya stopu 10 inazidisha mara 1,024, utasimama dakika 8 na nusu. Mpaka shata ifunge, mwanga uliopima umeshakwenda zake, picha inatoka giza. Ya stopu 10 ni ya mchana.

ZUHURA: Mimi na dakika mbili zangu sitaki kuachana. Maji yanakuwa moshi, miamba inaelea.

KASSIM: Moshi huo unaweza kuwa popote, dadangu. Mimi nataka sekunde moja, mbili hivi. Wimbi limepanda mwamba, linarudi, maji yanatiririka kwenye vile vishimo kama nyuzi nyeupe. Bonyeza linaporudi, si linapokuja. Hapo unaona mwamba ulivyo: ule ulikuwa matumbawe hai, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Una meno. Nyuzi za maji zinayaonyesha hayo meno, moshi unayaficha.

ZUHURA: Hapo hatutakubaliana. Lakini meno nayajua, yamenikata kiganja. Msiende na ndala, tafadhali.

KASSIM: Na angalia mwezi kabla ya kuondoka nyumbani. Wavuvi hawahitaji programu ya simu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa pomoni kama saa kumi alasiri, kwa hiyo ukiweka stendi yako saa kumi na mbili na nusu, bahari inatoka. Kila dakika mwamba mpya unafunuka, umelowa, unang'aa. Wiki moja mbele, maji mafu, ni kinyume: yamepwa alasiri, na giza likiingia yanakuja. Hayaendi mbali kama bamvua, ila yanakujia usipoona.

ZUHURA: Mguu mmoja wa stendi yangu uliwahi kuoga hivyo. Picha 14, zote zimetikisika kidogo, nikalaumu upepo.

KASSIM: Na lenzi?

ZUHURA: Lenzi imekula chumvi nyingi kuliko bibi yangu! Nyunyu huzioni kwenye kioo kidogo. Ukifika nyumbani kila taa ya Likoni ina duara la ukungu. Siku hizi nina kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kingine kikavu, nafuta kila baada ya picha moja. Ukifuta kwa kikavu peke yake unapaka chumvi tu. Na miguu ya stendi naiosha maji ya mfereji usiku huohuo, hata kama nimechoka.

KASSIM: Kabla hatujafunga, ile picha. Hukuuliza ule mstari ni nini.

ZUHURA: Nilidhani umekwaruza lenzi.

KASSIM: Meli ya kontena. Iliingia Kilindini nikiwa nimeshafungua shata, sekunde 90. Pale inapita karibu hata unasikia injini. Nikataka kufunga, nikasema ngoja. Mwili wa meli wote umekuwa ukungu, zimebaki taa zake zimejichora juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo.

ZUHURA: Kumbe moshi wa dakika nzima na nusu unaupenda.

KASSIM: Mara moja tu. Nilikuwa na mihogo mkononi, sikuwahi kubonyeza.