Msomaji Mwenye Kalamu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi mnaoanza masomo ya uzamili na uzamivu: asanteni kwa kunialika. Niliombwa nizungumzie uandishi wa kitaaluma. Naona wapo waliokwisha kufungua madaftari wakitarajia niwafundishe kupanga marejeo. Hayo yamo kwenye mwongozo wa idara, na mwongozo una subira kunishinda mimi. Nitazungumzia kinachotangulia, yaani saa zile mtu anapokaa peke yake na kitabu. Kwa maoni yangu tasnifu nyingi hukwamia hapo, ila mwenyewe hugundua baadaye sana.

Mnaujua mwenendo wenyewe. Mwanafunzi anapitishiwa pendekezo lake la utafiti, anafurahi, anaingia maktaba. Ukikutana naye ukamuuliza anaendeleaje, anajibu, "Bado nasoma, Mwalimu." Mwezi ujao ni hivyo hivyo. Wala hasemi uongo, kusoma anasoma. Kompyuta yake imejaa makala, kila folda ina jina, na kila makala imepakwa rangi ya njano kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ameshaamua kwamba akimaliza kusoma ndipo ataandika. Lakini kusoma hakuishi. Kila makala ina orodha ya marejeo, na kila rejeo lina orodha yake. Anayesubiri kumaliza atasubiri mpaka apokee barua ya onyo kwamba muda wa usajili wake umepita.

Mimi nashikilia kwamba kuandika kunaanzia ndani ya kusoma kwenyewe. Anayesoma bila kuandika, hata asome makala mia, hajaianza tasnifu yake.

Tuanze na hiyo rangi ya njano, maana nina ugomvi nayo. Mstari wa njano unathibitisha jambo moja tu, kwamba ulipita hapo. Hausemi ulikubali, ulikataa, ulishangaa, wala hukuelewa. Ukirudi baada ya miezi sita unaukuta unang'aa, nawe hukumbuki ulichokiona. Basi unasoma upya ukurasa mzima, na safari hii unapaka rangi ya kijani.

Fanya hivi badala yake. Ukimaliza sehemu, funga kitabu. Andika sentensi mbili kwa maneno yako. Ya kwanza iseme mwandishi anadai nini, ya pili iseme wewe una neno gani naye. Ukishindwa kuiandika ya kwanza, hukuelewa, rudi usome. Ukishindwa kuiandika ya pili, huenda kitabu hicho hakikuhusu, kiweke kando bila kujilaumu. Na namba ya ukurasa, tafadhalini. Sijui kama kuna adhabu kubwa katika maisha ya chuo kuliko kutafuta dondoo usilojua limo ukurasa gani, katika kitabu ulichokwisha kukirudisha, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Charles Darwin hakuwa na adabu kwa vitabu. Mwanawe Francis ameeleza kwamba baba yake aliviona kuwa zana za kazi tu. Kitabu kikiwa kizito mno mkononi alikikata vipande viwili, na vijitabu vidogo alivirarua akabaki na kurasa alizozitaka. Alikuwa hata akijigamba kwamba alimfanya mwanajiolojia Lyell atoe toleo la pili la kitabu chake kimoja kwa juzuu mbili, kwa kumweleza tu jinsi alivyolazimika kulikata lile la kwanza. Sasa, sisemi mkakate vitabu, na vya maktaba msiviguse hata kwa penseli. Ninachokitaka kwa Darwin kiko kwenye kurasa za nyuma. Mwisho wa kila kitabu alichokinunua aliandika faharasa yake mwenyewe ya mambo yanayohusu kazi yake. Kitabu kikiwa si chake, alikitungia muhtasari kwenye karatasi, na mihtasari hiyo ilijaza mtoto mzima wa meza. Alipotaka kuanza mada mpya, alianza kwa kuzipitia faharasa hizo fupi. Tazameni: siku anayoanza kuandika, kumbe nusu ya kazi imekwisha kuandikwa zamani, kidogo kidogo, nyuma ya vitabu vya watu wengine.

Kuna mwingine ambaye siku hizi anatajwa sana, Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1998. Aliacha makasha ya vikaratasi vipatavyo 90,000, kila kimoja kina namba, na namba zenyewe zimepangwa kwa namna ambayo kikaratasi kipya kinaweza kuchomekwa nyuma ya cha zamani kinachohusiana nacho, popote kilipo. Wanafunzi wamelipenda sana jambo hili. Wengine wanapakua programu za kuiga makasha hayo, wanatumia wiki nzima kuchagua rangi na aina za viunganishi, halafu humo ndani wanabandika madondoo waliyonakili neno kwa neno. Hapo ni kutwanga maji kwenye kinu. Makasha yalimfaa Luhmann kwa sababu aliandika kwa maneno yake na kwa sababu kila kikaratasi kililazimika kuambiwa kinakaa jirani na nani. Ukifanya mambo hayo mawili katika daftari la kawaida lenye jalada lililochanika, umemfuata Luhmann kuliko yule mwenye programu.

Nije sasa kwenye sura inayoua watu, mapitio ya maandishi. Nitatoa mfano wa kutunga, msitafute mwenyewe ni nani. Mwanafunzi anachunguza kwa nini watoto huacha shule kabla ya kumaliza. Analeta kurasa arobaini zinazokwenda hivi: mwandishi wa kwanza anasema watoto huacha shule kwa sababu ya umaskini. Mwandishi wa pili anasema ni kwa sababu ya umbali. Naye wa tatu anasema ni umaskini pamoja na umbali. Wa nne anakubaliana na wa kwanza. Ukurasa baada ya ukurasa, kila aya inaanza na jina la mtu. Msimamizi anaandika pambizoni neno lile tunaloliandika sote, "Kwa hiyo?", na mwanafunzi anaondoka akidhani ametukanwa.

Hakutukanwa. Ameulizwa yeye yuko wapi katika kurasa hizo, na jibu ni kwamba hayupo, ameandika orodha ya wageni na kujisahau mwenyeji. Tatizo halikuanza siku ile alipokaa kuandika, ndiyo maana kumwambia "boresha sura ya pili" hakumsaidii. Lilianza alipokuwa anasoma na rangi yake ya njano.

Sasa mpeni mwanafunzi huyo huyo kalamu. Anasoma makala ya pili, anaandika pembeni: "Aliwauliza nani?" Anatafuta kwenye sehemu ya mbinu, anakuta ni watoto walioacha shule. Anasoma ya tatu, swali linamrudia, analiandika tena: "Hata huyu, walioacha tu." Anarudi kwenye ya kwanza aliyodhani amemalizana nayo. Ni walioacha tu. Jioni hiyo anaandika aya moja, mbaya, yenye sentensi zilizovunjika: wote hawa waliwahoji walioacha shule, na walioacha wakasema umaskini na umbali. Hakuna aliyewauliza waliobaki, ambao nao ni maskini na nao wanakaa mbali. Kama maskini wa mbali wapo waliobaki, basi umaskini na umbali havitoshi kueleza.

Hapo tasnifu imezaliwa. Haikuzaliwa sura ya tano kwenye majumuisho, imezaliwa pambizoni mwa makala ya pili, kwa maneno mawili na alama ya kuuliza. Mapitio ya maandishi ya mtu huyu yatakuwa na kurasa kumi na tano badala ya arobaini, na hakuna msimamizi atakayemwandikia "Kwa hiyo?", kwa sababu ameshajiuliza mwenyewe.

Pambizo nayo ina hatari zake, sikatai. Mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre de Fermat, aliandika dai moja la hisabati pembeni mwa nakala yake ya kitabu cha Diophantus, Mgiriki wa kale, na kwamba ana uthibitisho wake wa ajabu ambao nafasi ile haikutosha kuuandika. Mwanawe alikichapisha kitabu hicho pamoja na maandishi ya baba mwaka 1670, na ulimwengu wa hisabati ukahangaika mpaka Andrew Wiles alipochapisha uthibitisho wake mwaka 1995. Kwa hiyo ukipata wazo kubwa, ongeza karatasi.

Mtaniuliza muda uko wapi. Wanaoanza kazi ya ualimu wa chuo wataniuliza kwa uchungu zaidi. Kuna vikao vya idara, vikao vya kitivo, na vikao vya kuandaa vikao. Kuna mitihani ya kusahihisha, mirundo miwili mezani na wa tatu chini ya meza. Kuna fomu inayotaka utaje machapisho ya mwaka huu, inayofika wiki ile ile uliyokuwa umeitenga kwa kuandika. Na kuna baruapepe zenye neno "haraka" kwenye kichwa cha habari, nyingi zikiwa hazina haraka yoyote. Tunaambizana kwamba tutaandika likizo. Likizo inafika na tasnifu sita za kusoma. Sitaki kulalamika sana kwa sababu kusahihisha na kusimamia ndiyo kazi, si kikwazo cha kazi. Ila anayesubiri siku nzima isiyo na shughuli hataandika, kwa maana siku hiyo haipo kwenye ratiba ya chuo chochote. Nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza ipo. Na nusu saa hutosha kabisa ikiwa jana uliacha alama ya kukuonyesha pa kuanzia. Mimi husimamisha kazi katikati ya sentensi ninayojua itakwishaje. Wenzangu wananiambia ni tabia mbaya. Kwangu inafaa.

Halafu kuna woga wa sentensi ya kwanza. Nirudi kwa Darwin mara moja tu. Anasimulia kwamba zamani alikuwa anaifikiria kila sentensi kabla ya kuiandika, baadaye akagundua kwamba anaokoa muda akichorachora kurasa nzima upesi awezavyo, kwa mwandiko mbovu, maneno nusu ameyafupisha, kisha ndipo asahihishe kwa utulivu. Akaongeza kwamba sentensi hizo za haraka mara nyingi zilikuwa bora kuliko ambazo angezitunga kwa kutafakari. Wanafunzi wengi hufanya kinyume. Wanaing'arisha aya ya utangulizi kwa wiki tatu, na utangulizi ndio sehemu ambayo itabidi ifutwe yote tasnifu ikiisha, kwa kuwa ndipo utakapojua unatangulizia nini.

Neno fupi kuhusu programu zinazofupisha makala, kwa sababu najua mnazitumia na sitajifanya kipofu. Zitumieni kuchagua makala ya kusoma, kama tunavyotumia ikisiri. Lakini mwanafunzi wetu wa kwenye mfano asingepata swali lake kwenye muhtasari. Muhtasari ungemwambia umaskini, umbali, umaskini pamoja na umbali, yaani ungemrudishia zile kurasa arobaini. "Aliwauliza nani?" limo kwenye sehemu ya mbinu, kwenye aya ya kuchosha ambayo kila mtu huiruka, na programu huwa ya kwanza kuiruka.

Semina yetu inaanza wiki ijayo. Kila mmoja achague makala moja tu ya fani yake, aisome yote pamoja na sehemu ya mbinu, aje na ukurasa mmoja aliouandika kwa mkono: dai la mwandishi, neno lako naye, namba za kurasa. Usiuchapishe kwenye kompyuta, utaanza kuupamba. Tutabadilishana, kila mtu asome wa jirani yake na aandike pembeni swali moja. Mwandiko mbovu unaruhusiwa alimradi mwenyewe unaweza kuusoma kwa sauti.

Nadhani muda wa maswali umefika. Yule dada wa pale nyuma ameinua mkono tangu nilipoisema vibaya rangi ya njano, tuanze naye.