Kupamba nyumba kwa Pasaka hapa Mwanza: kimea, vitambaa vya kufuma na mayai ya maganda ya vitunguu

Mwangaluka wapendwa, karibuni tena. Niko nyumbani hapa Mwanza, nyuma yangu mnaona yale mawe na kilima chote kimeshakuwa kijani, mvua imenyesha usiku kucha, sasa hivi kumetulia kidogo kwa hiyo narekodi fasta kabla haijarudi. Leo tunapamba nyumba kwa ajili ya Pasaka. Nitawaonyesha kuanzia wiki moja kabla mpaka Jumamosi Kuu usiku, na karibu vitu vyote ni vya kupatikana hapahapa, sokoni Kirumba au jikoni kwako.

Kabla hatujaanza kuna jambo moja naomba mnisikilize vizuri. Usitundike kitu chochote mpaka Jumamosi Kuu jioni. Andaa mapema, fua, otesha, suka, weka kabatini, funga, lakini sebule ibaki vilevile ya Kwaresma. Kanisani Kwaresma karibu yote ni zambarau, maua hakuna altareni, halafu usiku wa mkesha unaingia unakuta nyeupe kila mahali, maua, kengele zinalia, unasisimka mwili mzima. Sasa na nyumbani nataka iwe hivyohivyo. Watoto walale wameiacha sebule ya kila siku, waamke Jumapili wakute imegeuka. Ukianza kupamba wiki mbili kabla, ikifika siku yenyewe macho yameshazoea, hakuna anayeshtuka.

Na wengi mnaniulizaga kwenye komenti mbona siweki sungura. Sungura wa Pasaka alianzia kwa Wajerumani, na kule Ulaya Pasaka inaangukia machipuko, baridi kali imeisha, miti iliyokuwa mitupu inatoa majani, kwa hiyo wakiweka vifaranga na dafodili na sungura wanaonyesha kitu wanachokiona dirishani. Sisi dirishani tunaona masika. Tunaona mahindi shambani, matete, mafunjo, mawe yamelowa. Basi tunaweka hivyo. Mayai tu ndo tunachukua na sisi, maana lile la mayai lina sababu, zamani huko Ulaya Kanisa lilikataza kula mayai wakati wa Kwaresma ila kuku hawakuambiwa waache kutaga, kwa hiyo ikifika Pasaka mayai yamejaa ndani, yanaliwa, yanapakwa rangi, yanagawiwa.

Haya tuanze. Kitu cha kwanza kinaanza Jumapili ya Matawi, ukitoka kanisani tu. Chukua mtama glasi moja, loweka usiku mmoja, asubuhi mwaga maji, funika na kitambaa kibichi mpaka uanze kutoa vimizizi vyeupe, yaani ni kama unatengeneza kimea cha togwa, mama yeyote wa huku anaijua hii kazi. Ukishachipua tafuta sahani pana ya bati au trei ya plastiki, weka udongo kama unene wa vidole viwili, mwaga mtama juu yake usongamane kabisa, usifukie sana, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Weka sehemu yenye mwanga lakini mvua isiupige. Kufikia Jumamosi utakuwa na nyasi laini za kijani, zimesimama pamoja, ndo kiota cha mayai yetu hicho. Angalizo moja, mche mchanga wa mtama una sumu kwa mifugo, ukimaliza sikukuu usimtupie mbuzi, fukia.

Na yale matawi yenyewe yaliyobarikiwa usiyatupe. Yachomeke nyuma ya msalaba ukutani yakae hapo, mwakani parokia itayakusanya yachomwe yawe majivu ya Jumatano ya Majivu.

Sasa kitu cha pili ndo nakipenda kuliko vyote, nitakaa hapa kidogo mnisamehe. Vitambaa vya kufuma. Kila nyumba inavyo, vya juu ya makochi, vya stuli, vya kufunika tivii, alivifuma mama au bibi au ulipewa kwenye kitchen party, na wengi siku hizi wamevificha kwenye sanduku wanasema vimepitwa na wakati. Vitoe! Pasaka rangi yake ni nyeupe, na hakuna nyeupe nzuri ndani ya nyumba kama kitambaa cha kufuma kilichopigwa wanga kikasimama.

Jumatatu au Jumanne viloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, usisugue kwa brashi, unakamua kwa viganja taratibu mpaka ule unjano utoke, suuza mara tatu. Maji ya mwisho weka bluu ya nguo, kidogo sana, maji yawe na rangi ya mbingu ya asubuhi, ukizidisha kitambaa kinatoka na madoa na kuyaondoa ni kazi.

Alafu wanga. Mimi natumia muhogo mbichi. Menya, kwangua kwenye kikwangulio, weka kwenye kitambaa safi, kamua ile maziwa yake kwenye bakuli la maji, acha itulie kama saa moja. Mnaona hapa chini? Maji yamejitenga juu na chini kuna unga mweupe umeganda, ukiugusa unakuwa kama chokaa. Mwaga maji ya juu. Huo unga chukua vijiko viwili vya chakula, koroga na maji baridi nusu kikombe, halafu mimina kwenye maji ya moto lita moja huku unakoroga bila kusimama mpaka ule weupe upotee, uwe uji mwepesi unaopitisha mwanga. Chuja. Uji ukiwa wa vuguvugu chovya kitambaa, kamua kwa kukibonyeza, usikisokote.

Sasa hapa ndo watu wanakosea, wanakianika kwenye kamba. Kikining'inia kinavutika upande mmoja, kinakaukia hivyohivyo. Tandaza taulo juu ya godoro au boksi kubwa, kilaze, anzia katikati kwenda nje, vuta kila ncha na kidole, bana na pini. Zile ncha za pembeni zenye vishada kama samaki, kila moja pini yake. Kitambaa changu hiki kina ncha 24 nimehesabu, na kila mwaka nikifika ya mwisho namkumbuka bibi, yeye alikuwa anafanya hivi bila pini, anatumia miiba ya mchongoma. Kikikauka kinasimama chenyewe, ukikigonga na kucha kinatoa sauti. Na hiki kidogo nakilaza juu ya bakuli lililopinduliwa, kinakaukia hapo, kikitoka kimekuwa bakuli la kufuma, ndani unaweka njugu au pipi za wageni. Funga vyote kabatini mbali na mende, maana wanga wanaupenda.

Alhamisi pumzika, Ijumaa Kuu hakuna kazi ya mapambo kabisa, twende tu kwenye Njia ya Msalaba.

Jumamosi asubuhi tunaanza mayai. Tafuta ya kienyeji yale meupe meupe, yale ya kahawia ya kisasa rangi haionekani vizuri. Maganda ya vitunguu maji, haya ya nje makavu mekundu, mwombe muuza vitunguu sokoni akukusanyie, kwake ni takataka, atakujazia mfuko. Jaza sufuria, weka maji lita moja, chemsha nusu saa mpaka yawe kama damu ya mzee, chuja, acha yapoe, ongeza siki vijiko viwili vya chakula. Siki inalainisha ganda la yai kidogo ndo rangi inashika.

Wakati yanapoa fanya hivi, na kamera naisogeza karibu muone. Hili jani la giligilani, moja tu, lichovye maji, lilaze kwenye yai, libonyeze na kidole gumba mpaka kila kijino kilale. Sasa chukua soksi ya nailoni ya kike iliyotoboka, kata kipande, ingiza yai, vuta kwa nyuma kwa nguvu ibane kama ngozi ya ngoma, funga fundo. Ikilegea rangi inapita chini ya jani na picha inapotea, mwaka jana nilipoteza mayai manne kwa sababu ya haraka. Tumbukiza mayai kwenye ile rangi, weka jikoni moto mdogo, yakianza kuchemka hesabu dakika kumi, zima, yaache humohumo yapoe. Kata soksi, bandua jani... mnaona? Jani limebaki limechorwa, na mishipa yake imo, na pembeni yote ni nyekundu ya udongo. Paka tone la mafuta ya alizeti na kitambaa, linang'aa.

Ukitaka njano tumia manjano, namna ileile. Choya watu wanadhani itatoa nyekundu, haitoi, inatoa kijivu inayoelekea bluu, nzuri sana kwa kweli kama ziwa likiwa na wingu, lakini ujue mapema usije ukashangaa. Na mayai haya ni ya kula, kwa hiyo yaweke kwenye friji mpaka asubuhi, yasikae nje zaidi ya saa mbili. Kama huna friji basi tumia maganda matupu, toboa tundu juu, mimina yai ukalikaange, osha ganda, lipake rangi, yanakaa hata mwaka.

Mchana mafunjo. Hii mimea mnaiona pembeni ya ziwa, shina refu la pembetatu na juu kichwa kama nywele. Usiingie majini kuyakata mwenyewe, yale maji yaliyotulia kwenye majani ndo konokono wa kichocho wanapokaa, na sehemu nyingine kuna mamba. Waombe wavuvi au akina mama wanaosuka mikeka, wanajua pa kupita. Chagua vichwa vichanga vya kijani mbichi, kata shina mshazari, weka saba au tisa kwenye mtungi wenye maji, simamisha kwenye kona ya sebule ambayo haina kitu. Kazi imeisha, hapo hauhitaji kuongeza kitu. Yangu hukaa siku nne tano nikibadilisha maji. Wengine wanapenda ua la gugu maji, ni zuri ila ukilikata jioni kesho limelala, na lenyewe ni zambarau, zambarau tumeshamaliza nayo. Na mmea mzima usiuchukue kabisa kwenda kuufuga kwenye ndoo, ziwa letu limeteseka nao vya kutosha.

Jioni sasa, watoto wameoga wamelala kabla ya mkesha, ndo unatoa vitu kabatini. Makochi vitambaa vyake, madirisha pazia jeupe, kama huna nunua marekani mita chache pale Makoroboi ukunje pindo kwa mkono inatosha. Mlangoni sokota kamba ya ukili iwe duara, chomeka bogonvilia nyeupe na majani. Taa ya nje izime mapema, wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kama moshi wanafuata mwanga, asubuhi utakuta pazia jeupe lina madoa meusi kila mahali.

Mezani tandika kitambaa kikubwa, weka trei ya mtama upande mmoja, mayai utayapanga asubuhi ndani ya nyasi. Katikati ya meza pawe wazi. Weka glasi tu yenye mchanga wa ziwani uliooshwa ukakauka, robo tatu ya glasi, basi.

Ile glasi inasubiri mshumaa. Kwa sisi Wakatoliki kwenye mkesha kila mtu anashika mshumaa mdogo uliowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka, na ukiisha ibada unabaki na kipande. Usikiache kwenye benchi. Wenzetu mnaosali alfajiri chukueni mshumaa wowote mweupe mwende nao. Mkirudi usiku mkae kimya msiwaamshe wadogo waliobaki, chomeka kile kipande kwenye mchanga, usiwashe bado. Asubuhi mtoto mdogo kuliko wote ndo anashika kiberiti na mkono wako juu ya mkono wake.