Theluji Imeanguka Houston, na Shosho Ameiona Akiwa Umoja

Haya, watu wangu wa nyumbani, hamjambo? Nairobi mko salama? Ngoja kwanza nigeuze kamera muone. Mnaona pale chini ya ngazi, kile kitu cheupe? Hicho ndicho kilichobaki. Jana saa kama hii uwanja huu wote, mpaka kule magari yalikoegeshwa, ulikuwa mweupe. Leo ni Jumatano, tarehe 22 Januari 2025, jua limetoka na maji yanadondoka kutoka kwenye paa, nikasema nirekodi kabla haijaisha. Jumbe zenu nimezisoma, na nyingi zinauliza jambo moja: "Si ulituambia Houston ni joto kama Mombasa?"

Niliwaambia, na ni kweli. Huku mwezi wa Agosti unatoka kuoga na kabla hujafunga vifungo vya shati umeshalowa jasho. Tuko Texas, kusini mwa Marekani, karibu na Ghuba ya Mexico, na mitende imepandwa kando ya barabara. Juzi watabiri wa hali ya hewa waliposema theluji inakuja, jirani yangu aliyezaliwa hapa hapa alitikisa kichwa tu akaingia ndani kwake. Lakini baridi ya kutoka kaskazini kabisa ilishuka mpaka huku chini, ikakutana na unyevu wa Ghuba, na badala ya mvua tukapata theluji. Jirani zetu wa kusini-magharibi mwa Louisiana walipewa onyo la dhoruba kali ya theluji na upepo kwa mara ya kwanza kabisa. New Orleans, mji wa joto na vyakula vya baharini, ulipata inchi 8. Sisi Houston, sehemu nyingi ni kati ya inchi 2 na 4. Kwa mtu wa Minnesota, jimbo la baridi kule kaskazini, hiyo si kitu. Huku kwetu viwanja vyote viwili vikubwa vya ndege vilifungwa, shule zikafungwa, na mimi nikapigiwa simu kutoka kazini nikaambiwa: usije.

Usije. Naomba nikae kidogo kwenye neno hilo.

Wanaonifuata tangu mwanzo mnajua mimi hufanya kazi ya usiku kwenye bohari. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mke wangu anahudumia wazee, naye huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa hivyo tunapishana mlangoni. Ninaingia, ananipa watoto, ananiambia yupi amekula na yupi amekataa, anaondoka. Jioni tunabadilishana. Tunaishi nyumba moja, lakini ziko wiki ambazo mazungumzo yetu marefu ni ya karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Siyasemi haya ili mnihurumie, nayasema kwa sababu mkiona picha zetu mnaandika "mnakula maisha", na mimi nataka mjue siku yenyewe tuliyoyala maisha ilikuwa ipi. Ilikuwa jana.

Niliamka saa kumi ya alfajiri, na kilichoniamsha ni kimya. Sikilizeni, mimi nimelelewa mtaa wa Umoja, Nairobi, kwenye ploti yenye paa la mabati. Ninachokijua mimi ni mvua ya mawe. Mvua ya mawe ikija Nairobi unaisikia kabla hujaiona. Inapiga mabati mpaka watu mnaongea kwa ishara, na mama anawafokea mtoke dirishani. Halafu ikikatika tu, watoto wote wa ploti wako nje na sufuria wanaokota yale mawe na kuyatia mdomoni kabla hayajayeyuka. Kwa hivyo mimi kichwani mwangu kitu cheupe kikishuka kutoka mbinguni lazima kije na kelele. Theluji haina sauti. Inaanguka kama mtu anayeingia chumba alicholala mtoto. Hata barabara kuu, ambayo huku haiachi kunguruma usiku wala mchana, ilikuwa imenyamaza. Nilisimama dirishani sijui kwa muda gani, kisha nikamwamsha mke wangu. Tukasimama wawili. Hatukusema kitu.

Halafu tukawaamsha watoto, na hapo kimya kikaisha.

Mavazi ya theluji hatukuwa nayo. Zile jaketi nzito mnazozipata soko la Gikomba mwezi wa Julai, huku Houston watu wengi hawana. Aliyekuwa na jaketi ya maana nyumba nzima ni mke wangu, na aliinunua Gikomba kabla hatujasafiri, kila mtu akimwambia Marekani ni baridi. Imekaa kabatini miaka yote hiyo. Jana alipoivaa alifunga zipu mpaka kidevuni, akasema, "Nilijua siku yako itafika." Watoto tuliwavalisha soksi mikononi, na juu ya soksi mifuko ya plastiki, tukaifunga kwa raba. Kijana wetu wa miaka mitatu alipokanyaga nje hatua ya kwanza alilia, akidhani ardhi imevunjika. Hatua ya tatu akacheka. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kumrudisha ndani.

Binti yetu ana miaka sita, amerithi jina la mama yangu, yaani shosho (bibi) yake, ndiyo maana mnanisikia nikimwita mama mdogo. Yeye ni mtu wa kuchunguza. Alinyoosha mkono wa sweta lake jeusi, chembe zikatua, akaniita: "Baba, zina mikono sita!" Ni kweli, ukiangalia kwa karibu, chembe ya theluji ina pembe sita, kwa sababu maji yakiganda yanajipanga hivyo. Akahesabu moja, akahesabu nyingine, akawa anamwonyesha mdogo wake, naye anazilamba kabla hazijahesabiwa.

Saa mbili asubuhi, yaani kwenu ni saa kumi na moja jioni, nikampigia mama simu ya video.

Hapa nataka mnielewe vizuri. Mama yangu alizaliwa upande wa Nanyuki. Utoto wake wote, kila asubuhi isiyo na mawingu, aliiona theluji ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kule juu kwenye vilele vya Batian na Nelion, zaidi ya mita 5,000. Aliiona akienda kuchota maji, akaiona akienda shule. Hajawahi kuigusa. Baadaye akaolewa akaja Nairobi, na hata Umoja, asubuhi zile hewa ikiwa safi, alikuwa akipanda kuanika nguo anatuita: "Njooni muone mlima." Tunaona kilele kidogo tu cheupe mbali sana. Miaka hii anasema weupe wenyewe umepungua, na anasema kweli, barafu ya Mlima Kenya inayeyuka na ile ya Lewis imebaki kipande kidogo tu cha ilivyokuwa.

Sasa huyo ndiye ninayempigia simu. Akaiona kwenye kioo. Kwanza akaniuliza kama ni mvua ya mawe, kama ile ya Busara kule karibu na Nyahururu. Mnaikumbuka? Septemba 2008, mteremko wa kilima ulikuwa mweupe, watu wakatoka mbali kwenda kuitazama, na wataalamu wa hali ya hewa wakaeleza kuwa ni mvua ya mawe iliyogandana. Nikamwambia hapana mama, hii ni theluji yenyewe, ni ile ya mlimani. Akanyamaza. Kisha hakuongea na mimi tena, akamwomba mjukuu wake.

"Ishike," akamwambia. Mama mdogo akavua mfuko na soksi, akaishika kwa mkono mtupu. "Ni nzito?" Hapana, shosho, ni nyepesi. "Ina harufu?" Mtoto akanusa. Ina harufu ya baridi, shosho. "Ukiiminya inalia?" Akaiminya karibu na simu, ikatoa ile sauti kama unga wa mahindi unavyobanwa kwenye pakiti. Mama akasema, "Aaah," polepole hivi, kama mtu aliyepewa jibu la swali alilouliza zamani. Mimi nilikuwa nimeshika simu na mkono ukawa unatetemeka, na haikuwa baridi.

Kwa wakati huo ploti nzima ilikuwa imejaa nyuma yake. Nyinyi mnawajua majirani wa Umoja. Ukipokea simu ya majuu hupokei peke yako. Mzee wa nyumba ya pili akaichukua simu kabisa akaanza kuwasimulia watoto habari za Philip Boit, Mkenya wetu aliyekwenda Nagano, Japani, mwaka 1998 kushindana kwenye mbio za theluji za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na yule Mnorwei aliyeshinda, Bjørn Dæhlie, akamsubiri pale mwisho akamkumbatia. Mzee anaisimulia kama alikuwepo. Alipofika kwenye kukumbatiana, bando zikaisha.

Nikamtumia mama pesa za bando. Dakika kumi akawa amerudi hewani, na swali lake la kwanza: "Mmekula?"

Tulikuwa tumekula, mama. Uji, halafu chai ya tangawizi na mandazi ambayo mke wangu aliyakanda mchana kweupe, jambo ambalo sijaliona tangu Krismasi. Madukani siku mbili kabla mkate na maji vilikuwa vimekwisha, lakini unga wa ugali tulikuwa nao.

Na kabla hamjadhani ilikuwa raha tupu tangu mwanzo, niwaambie kwa nini Jumatatu jioni nilikuwa nje nafunga mabomba kwa blanketi kuukuu na selotepu. Februari 2021 baridi ilishuka hivi hivi, kaunti zote 254 za Texas zikawa kwenye onyo. Umeme ulikatika kwenye mamilioni ya nyumba. Sisi tulikaa siku tatu gizani, bomba la jikoni likapasuka, na mama mdogo, wakati huo ana miaka miwili, alilala katikati yetu chini ya kila nguo tuliyokuwa nayo. Nilikuwa na jiko la makaa la kuchomea nyama nje. Nikaliangalia. Nikampigia mama kumuuliza, akanifokea kama mtoto: "Usiliingize ndani! Ule moshi usiouona ndio unaoua." Na kweli hapa Houston kuna familia ziliwasha makaa na jenereta ndani, hewa ya sumu ikawamaliza. Hesabu ya serikali ya jimbo ilifika vifo 246. Kwa hivyo jana, watoto wakiruka nje, sikio langu moja lilikuwa kwenye hita. Kila ilipozima na kuwaka, nilikuwa naisikiliza. Haikukatika. Mungu asifiwe, haikukatika.

Mchana tukaenda kuteleza. Houston ni tambarare, huwezi kupata mlima hata wa kumwaga maji, lakini sisi tuko karibu na Brays Bayou, ule mto unaopita mjini, na kingo zake zina mteremko wa nyasi. Watu wote wa mtaa walikuwa pale na vitu vya ajabu: maboksi, vifuniko vya mapipa, magodoro ya kuogelea. Sisi tulikwenda na beseni la kufulia. Lile la bluu, mnalijua, kila nyumba Nairobi iko nalo. Nilimkalisha kijana wetu mbele yangu, mke wangu akatusukuma, na beseni likaenda likizunguka mpaka chini. Mvietnamu mmoja mzee akaja kuomba kulijaribu, na baada yake foleni ikapangika. Sijawahi kuongea na majirani wangu wengi hivyo kwa siku moja. Miaka tunayokaa hapa, tunapungiana mikono tu kwenye magari.

Na huyu hapa kwenye picha, aliyesimama uani mpaka leo asubuhi, ni mtu wetu wa theluji. Karoti ndiyo pua. Macho ni maharagwe. Mama mdogo akasema anasikia baridi, akaingia chumbani kwetu akatoka na leso ya shosho, yaani kanga, ile aliyotupa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta siku tunaondoka, imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mke wangu alitaka kumzuia. Mimi nikasema mwache. Usiku tulipompigia shosho tena, aliitazama leso yake mabegani mwa huyo mtu mweupe, akasoma maandishi kwa sauti, akasema, "Basi mumkaribishe vizuri, hatakaa."

Usiku taa tulizizima wenyewe, tukawasha mshumaa, kwa sababu nilitaka watoto waone tulivyokuwa tukikaa Umoja stima zikipotea. Hakuna simu, hakuna televisheni. Mke wangu akatega vitendawili. Mama mdogo hakujua vingi, lakini "nyumba yangu haina mlango" alilijua: yai! Kijana akalala mapajani kwangu na soksi zake mikononi, amekataa kuvuliwa. Nilikaa nimemshika mpaka mguu ukafa ganzi. Kwa kawaida saa ile niko bohari na masanduku.

Leso nimeshaifua, ile pale kwenye kamba, na karoti imebaki kwenye nyasi. Shule zimefungwa leo pia, lakini barabara zinafunguka na kazini wamenipigia. Zamu ni saa kumi na mbili. Mke wangu ataingia kesho asubuhi. Wacha niende nikalale kidogo, na nitapita kwa nyuma, kwa sababu hiyo theluji ya chini ya ngazi mama mdogo ameizungushia mawe na kuniambia nisiikanyage.