Kilichoachwa Kilikuwa na Kazi Gani?

Mbukwenyi! Nawashukuru walimu mliotoka Kongwa, Bahi na Mpwapwa kuja kutusikiliza hapa Dodoma mjini, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tano na sita mlioacha Jumamosi yenu. Nimeombwa nizungumzie vitabu na filamu zilizotokana navyo.

Kila mwalimu wa fasihi aliyemo humu anaujua ugomvi huu. Filamu ikishatoka, waliosoma kitabu wanasema, "Wameharibu." Wasiokisoma wanajibu, "Mbona sisi tumeipenda?" Mjadala unaishia hapo, kwa sababu kila upande umetaja kinachoupendeza tu, na hakuna aliyejifunza kitu kuhusu kitabu wala kuhusu filamu.

Mimi naomba tuulize swali jingine. Filamu lazima iache vitu. Riwaya ya kurasa zaidi ya 200 haiingii nzima ndani ya saa moja na nusu. Kulalamika kwamba wameacha hili na lile hakutufikishi mbali. Tuulize hivi: kile kilichoachwa kilikuwa kinafanya kazi gani ndani ya kitabu? Na je, filamu imempata mwingine wa kuifanya kazi hiyo, au imeiacha bila mwenyewe?

Tuanze na Vuta N'kuvute, maana ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wenu. Shafi Adam Shafi aliitoa mwaka 1999. Amil Shivji akaitengenezea filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, kisha ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika kwa takriban miaka 20. Riwaya ya Kiswahili imezaa filamu ya Kiswahili, iliyopigwa Zanzibar kwenyewe. Hilo peke yake nalishangilia kabla sijasema lingine.

Sasa tazameni inavyoanza. Kwenye kitabu, Yasmin ni msichana wa miaka 15 na tayari ameshaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Tunaingia naye ndani ya ndoa ile na tunachoka naye. Anapelekwa Mombasa. Anamkimbia mume na kurudi Unguja, na jamaa zake wenyewe wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mwanamke asiye na kitu, asiye ndugu wala jamaa. Denge tunakutana naye baadaye. Kwa hiyo, msomaji anapofika kwa huyo kijana aliyesoma Urusi, anayewindwa na Inspekta Wright kwa sababu ya siasa zake za kupinga ukoloni, ameshamwona Yasmin akikata shauri zito kuliko yote maishani mwake bila kushikwa mkono na mwanamume yeyote.

Filamu haina nafasi hiyo. Inawakutanisha Denge na Yasmin usiku, msichana akiwa njiani kwenda kuolewa. Mapenzi na siasa vinaingia kwa mlango mmoja.

Je, kurasa zile za ndoa, za Mombasa, za kukataliwa, zilikuwa na kazi gani? Kwangu mimi, zilikuwa zinatuambia kwamba Yasmin alianza kujikomboa kabla hajafundishwa neno ukombozi. Ukimleta Denge usiku ule wa kwanza, mtazamaji anaweza kuondoka akiamini kwamba ni yeye aliyemfumbua macho. Hiyo ni hasara, na naitaja huku nikiipenda filamu hii kwa dhati. Kwa upande wa pili, kuna kazi ambayo filamu imeifanya vizuri kuliko maandishi. Mwajuma wa kitabuni anaimba taarabu, lakini mwanafunzi wa Dodoma ambaye hajawahi kukaa kwenye ukumbi wa taarabu anasoma tu kwamba ameimba, kisha anafungua ukurasa unaofuata. Kwenye filamu Mwajuma amechezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, wa Zanzibar kweli. Akifungua kinywa, unaelewa kwa nini msichana aliyefukuzwa kwao angetaka kubaki kwenye chumba kile. Sauti moja inafanya kazi ya sura nzima.

Niwaonye wanafunzi hapo hapo: ukiingia kwenye mtihani umeangalia filamu peke yake, utamwandikia msahihishaji mkutano wa usiku ambao kwenye riwaya haupo.

Kuna jambo gumu zaidi kulihamisha kuliko tukio, nalo ni msimulizi. Wengi wenu mmesoma Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973 ya riwaya ya Chinua Achebe. Kumbukeni inavyokwisha. Okonkwo amejinyonga. Obierika amesema kwa uchungu juu ya rafiki yake. Kisha Achebe anaondoka kwa wanakijiji na kutuingiza kichwani mwa Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, anayetembea huku akiwaza kitabu anachotaka kuandika kuhusu namna ya kuwatuliza "washenzi" wa nchi ile. Anawaza kwamba habari ya mtu huyu aliyejinyonga ingeweza kujaza sura nzima. Anafikiri tena: labda aya moja tu itatosha.

Sisi tumetoka kusoma kitabu kizima juu ya mtu huyo. Tumekula naye, tumemwogopa, tumemhurumia. Na huyu anamgawia aya. Kisu cha riwaya kiko pale, na kiko ndani ya wazo la mtu ambaye mdomo wake umefungwa. Kamera itaonyesha nini? Itaonyesha mzungu anatembea. Nigeria walitengeneza tamthilia ya televisheni kutokana na kitabu hiki mwaka 1987, Pete Edochie akiwa Okonkwo, na kwa uso na kishindo hakuna aliyemfikia mpaka leo. Lakini uso wa Okonkwo hauwezi kutusaidia pale mwisho, kwa sababu Okonkwo ameshakufa na aliyebaki na kalamu ni mwingine. Mwongozaji yeyote atakayeirudia hadithi hii itabidi aamue: asikike mtu akisoma mawazo yale, au Mkuu wa Wilaya aonekane akiandika mezani, au aachane nayo kabisa. Kama ataachana nayo, hadithi itakwisha na kifo cha shujaa, na swali la nani anaandika historia yetu litakuwa limepotea.

Watazamaji wetu wenyewe walilijua pengo hilo zamani. Waliokua wakilipa kiingilio kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, wanakumbuka sinema za nje zilizotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili na watu kama Lufufu. Sauti ile haikuishia kwenye maneno ya wahusika. Ilieleza huyu ni nani, ana kinyongo gani, anakwenda wapi, na mtazamaji amchukulieje. Filamu ilikuwa imemfukuza msimulizi, kibanda kikamrudisha. Watu waliolelewa na bibi anayesema "hapo zamani za kale" walitaka mtu wa kuwasimulia, hata kama picha iko mbele yao. Watengeneza filamu wetu wanalo la kujifunza kutoka kwenye mabenchi yale.

Ousmane Sembène wa Senegal nitampitia haraka, ingawa anastahili siku yake nzima. Aliandika kwa Kifaransa, akaona watu aliowaandikia hawawezi kumsoma, akaenda Moscow kusomea sinema. Mandabi ya mwaka 1968 aliitengeneza kwa Kiwolofu. Xala aliitoa kama riwaya mwaka 1973 na kama filamu mwaka 1975, kwa mkono wake mwenyewe, na hakujionea huruma katika kukata. Kwenye filamu kuna gari la tajiri linaoshwa kwa maji ya chupa yaliyoagizwa Ufaransa. Picha hiyo haihitaji aya ya maelezo, hata kwa mtu wa hapa anayenunua maji kwa ndoo.

Mfano wangu wa mwisho unatuhusu watu wa kanda ya kati kwa njia ya pekee. William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyeacha shule kwa kukosa ada, alijifunza kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe na kujenga kinu cha upepo kwa vipuri vya baiskeli na vyuma chakavu. Mwaka 2007 alisimama jukwaani hapa kwetu Arusha na dunia ikamsikia. Kitabu alichoandika na Bryan Mealer kilitoka mwaka 2009, na filamu ikatoka mwaka 2019, ikiongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia anacheza baba. Sehemu kubwa wanazungumza Kichewa, na mvutano wa baba na mwana juu ya baiskeli unaumiza kweli.

Lakini mpangilio umebadilishwa. Kitabuni, njaa ya mwaka 2001 na 2002 inapita yenyewe, na inapita imeshaua. Kinu kinakuja baadaye, na kinaanza kwa kuwasha taa. Pampu ya maji ni habari ya mbele zaidi. Kwenye filamu kinu kinavuta maji shambani wakati ule ule wa dhiki, na hapo ndipo watu wanapona.

Naelewa kwa nini. Filamu ya saa mbili inataka kilele. Ila kile kipindi kati ya njaa na kinu kilikuwa na kazi. Kilikuwa kinasema kwamba njaa haikumsubiri mtu amalize kusoma. Hapa Ugogoni mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari kila mtu anajua kinachofuata. Wazee wetu waliacha jina la Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo ukame peke yake haukuileta. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, na watu wakabaki na ardhi tupu. Njaa ya namna hiyo ina wenye kuisababisha. Filamu inayotupa mashine moja na kilio cha furaha inaweza kutusahaulisha kuwauliza hao walikuwa wapi. Kitabu cha Kamkwamba kinawauliza kwa kirefu: mahindi ya akiba ya serikali yalikwenda wapi?

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka ule ule wa 1917, hapa Ihumwa. Ndiye aliyetupa ngonjera, ushairi wa kusimamisha watu jukwaani wakabishana kwa beti, na aliandika historia na mila za Wagogo. Anayetaka kutengeneza filamu juu ya Mtunya hana haja ya kuazima muundo Hollywood. Watu wawili wakijibizana kwa beti, mmoja akidai nafaka na mwingine akikatalia ghalani, ni msimulizi wa kutosha kabisa.

Mwalimu mmoja ameniletea swali kwa karatasi: aonyeshe filamu kabla ya kusoma au baada? Kwa Vuta N'kuvute, mimi ningefanya katikati. Someni pamoja mpaka Mwajuma anampokea Yasmin. Fungeni vitabu, onyesheni filamu yote, hata kama ni kwa kompyuta moja ya mkononi na darasa zima limebanana. Kesho yake andikeni ubaoni kila kitu mlichokisoma ambacho hamkukiona, na kila mwanafunzi achukue kimoja na kueleza kwa ukurasa mmoja kilikuwa na kazi gani. Kisha rudini kwenye kitabu mkimalize. Kutoka pale watasoma kila sura wakijiuliza mwongozaji angeifanyaje, na mimi sijui njia bora zaidi ya kumfanya kijana wa miaka 17 asome riwaya polepole.