Chupa Moja ya Mjomba

Mulembe, watu wangu wa Kakamega, Mumias na Butere! Na nyinyi wa Nakuru mnaolalamika kila wiki kwamba nawasahau, hamjambo pia. Niko jikoni kwangu hapa Louisville, Kentucky, na sanduku liko wazi pale nyuma, mnaliona. Nasafiri Jumamosi.

Sasa, shida ni mjomba: nampelekea zawadi ya bourbon, wiski ya huku. Forodha ya nyumbani inakuruhusu lita moja ya pombe kali bila ushuru, na chupa za huku kwa kawaida ni mililita 750. Piga hesabu: chupa moja. Hakuna kubahatisha.

Mwaka juzi nilibahatisha. Nilinunua bourbon ya bei, kizibo kina sanamu ya farasi, boksi linang'aa. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili, akaniombea baraka, kisha akaifungia kwenye kabati la vyombo vya wageni, kando ya ile thamosi yenye maua. Iko hapo mpaka leo. Kila Jumapili anaipangusa vumbi. Nani atathubutu kuifungua?

Mwaka huu nataka chupa ya kunywewa.

Bourbon, kwa asiyejua, ni wiski ya mahindi. Ndiyo, mahindi haya haya ya ugali. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 51 ya nafaka iwe mahindi. Kinachobaki kwa kawaida ni kimea cha shayiri pamoja na rai (rye) au ngano. Nyanya zetu waliopika kangara wangeelewa bila mkalimani. Ambacho hawakuwa nacho ni pipa: jipya, la mwaloni, limebabuliwa ndani kwa moto. Ile rangi ya strungi inatoka humo, na ule utamu wa vanila pia.

Ukifika dukani, achana na boksi, soma lebo. Neno «straight» maana yake imekaa pipani miaka miwili au zaidi, na ikiwa haijafika minne lazima umri uandikwe. Lakini maneno ninayoyatafuta mimi ni «Bottled in Bond». Hiyo ni sheria ya 1897, enzi ambazo wafanyabiashara huku walikuwa wanachakachua wiski na kuitia rangi. Sisi tuliokwisha kuzika watu kwa pombe yenye methanoli hatuhitaji kuelezwa zaidi. Pombe ya lebo hiyo inatoka kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa miaka minne au zaidi kwenye ghala lililo chini ya usimamizi wa serikali, na nguvu yake ni asilimia 50 kamili.

Nilifikiria Maker's Mark. Wanatumia ngano badala ya rai, ni laini kooni, na ile nta nyekundu shingoni inapendeza. Tatizo ni hiyo nta: mjomba akiiona tu, kabatini! Na huyu mzee ni wa chang'aa, ulaini anautakia nini?

Kwa hiyo nimechukua Evan Williams ya lebo nyeupe, ile ya «Bottled in Bond». Asilimia 50, haina farasi, haina boksi, na haikunitoa jasho. Nimeiviringisha kwenye sweta la mama, katikati ya sanduku. Binamu zangu mnaotazama, wekeni glasi tayari mezani. Kifuniko nakifungua mwenyewe pale mlangoni, kabla mzee hajatoa funguo za kabati.